Gari langu la tabo linakula oili na kutoa moshi wa buluu: ninunue tabo, nifungue injini, au niliuze?

Shikamoo Fundi,

Nina gari la petroli lenye injini ya silinda nne, lita 1.8, na tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Lina umri wa miaka 15 na saa ya kilomita inasoma 198,000. Nililinunua mkononi mwa mtu bila kumbukumbu zozote za matengenezo, na kwa muda mrefu halikunisumbua. Sasa limeanza vituko.

Kwanza linakula oili. Nikijaza hadi alama ya juu ya dipstiki, baada ya kilomita kama 2,000 nakuta imeshuka hadi alama ya chini, na pale ninapoliegesha sioni hata tone. Pili, nikikwama kwenye foleni halafu nikaondoka, linatoa wingu la moshi wa buluu mpaka naona aibu kwa walio nyuma yangu. Likishatembea kidogo moshi unakata. Tatu, mlima niliokuwa naupanda na gia ya nne sasa nalazimika kushuka hadi ya tatu, na nikikanyaga mafuta nasikia mluzi, kama hewa inavuja mahali. Taa ya injini huwaka, hukaa siku kadhaa, kisha huzima yenyewe.

Mafundi wawili wameliona. Wa kwanza alitazama moshi akiwa amesimama mlangoni, akasema tabo imekufa, ninunue nyingine. Wa pili akasema tabo haina neno, ringi ndizo zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Hakuna hata mmoja aliyeshika kipimo. Shemeji yangu ananishauri niing'oe tabo nibaki na injini ya kawaida. Rafiki yangu naye anasema niweke oili nzito na dawa ya kuzuia moshi, nilivumilie hivyo hivyo.

Gari nalipenda na bodi yake bado ngumu, ila sitaki kulitilia pesa nyingi halafu injini ife mwezi unaofuata. Nitaijuaje hali halisi ya injini kabla sijatoa pesa? Na ni kweli kwamba lazima niiache iungurume dakika tano kila ninaposimama, ndipo nizime?

Mwenye gari kuukuu

---

Marahaba, mwanangu.

Usinunue tabo na usikubali injini ifunguliwe mpaka mtu akuandikie kwenye karatasi namba nne za kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, moja kwa kila silinda. Fundi anayehukumu injini kwa kutazama moshi kutoka mlangoni anabahatisha, hata kama safari hii amepatia. Moshi wa buluu unasema jambo moja tu, kwamba oili inaungua. Hausemi imeingilia wapi. Kwenye gari la tabo oili inaweza kuingilia kwenye ringi za pistoni, kwenye sili za valvu, kwenye tabo yenyewe, au kwenye breza, yaani mpira ambao injini hupumulia. Mafundi wako wamegombania ringi na tabo, na breza, iliyo rahisi kuliko zote kurekebisha, hakuna aliyeitaja.

Kwanza nikupunguzie hofu. Kwenye injini nyingi, kati ya alama ya juu na ya chini ya dipstiki kuna kama lita 1. Kwa maelezo yako basi unapoteza karibu nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Si jambo la kufurahia, lakini wapo watengenezaji waliokiandika kiasi hicho hicho kwenye vitabu vyao kuwa kinakubalika. Injini inayokula hivyo haifi kesho. Inakufa pale mwenyewe anaposahau kupima mpaka pampu ikaanza kuvuta hewa badala ya oili, na kwenye tabo maafa hayo hayangoji: shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi. Kwa hiyo kuanzia leo dipstiki itolewe kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache kabla.

Sasa breza. Kila injini, hata iliyotoka kiwandani jana, huvujisha gesi kidogo kupita ringi hadi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Gesi hizo hutolewa kwa mpira wenye valvu ndogo na kurudishwa upande wa hewa zikaungue. Kwenye gari la miaka 15 mpira huo huwa umejaa matope ya oili, au utando wa raba ulio ndani ya valvu umepasuka. Ukiziba, mgandamizo unapanda ndani ya injini, na hapo ndipo tabo inaposingiziwa. Oili huingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, lakini hutoka kwa kujishukia tu kurudi kwenye sampu. Sampu ikiwa na mgandamizo, oili haishuki. Inajaa kwenye beringi za tabo, inajipenyeza kwenye sili, inaingia kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa. Unaona moshi, unanunua tabo mpya, na mpya inatoa moshi ule ule. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote ninayokutana nayo kwenye magari ya aina hii.

Kuipima breza hakuhitaji mashine. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa kujazia oili na ulaze karatasi ya nailoni juu ya tundu. Ikivutwa kidogo kuelekea ndani, breza inafanya kazi. Ikifura na kurushwa, kuna mgandamizo: ama breza imeziba, ama ringi zinavujisha kuliko breza inavyoweza kumeza. Ikinyonywa kwa nguvu na injini ikayumba, utando umepasuka, na utando uliopasuka nao hupiga mluzi. Pengine huo ndio mluzi unaousikia, ingawa nina mtuhumiwa mwingine nitakayemtaja.

Baada ya breza, plagi. Zitolewe zote nne na zipangwe kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi ya silinda nzima huwa kavu, ya kijivu au kahawia hafifu. Moja ikiwa nyeusi na ina unyevu wa oili huku tatu ni kavu, ugonjwa uko kwenye silinda ile, kwa sababu oili inayotoka upande wa hewa wa tabo husambaa kwa zote. Zote nne zikiwa kavu na moshi bado upo, oili inaingilia baada ya silinda, yaani upande wa moto wa tabo, ule wa ekzosi. Hapo fundi afungue ekzosi mahali inapoungana na tabo. Akikuta bomba la kutokea limelowa oili na mdomo wa kuingilia ni mkavu, tabo imekiri yenyewe. Mdomo wa kuingilia nao ukiwa umelowa, oili imetoka kwenye injini.

Umeniambia habari za foleni, hukuniambia habari za asubuhi. Gari likilala usiku kucha kisha likatoa wingu dogo la buluu wakati wa kuwasha, halafu likatulia, sili za valvu zimekauka. Sili hizo pia hutoa moshi baada ya foleni, kwa sababu injini isiyokanyagwa mafuta huvuta oili taratibu kupitia kwenye shina la valvu, na unapoondoka inaungua kwa mkupuo. Usilipuuze jambo hili. Kwenye injini nyingi sili za valvu hubadilishwa bila kung'oa silinda hedi, na fundi wako wa pili alikuwa tayari kuifungua injini yote.

Tuje kwenye zile namba nne. Geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, na gereji nyingi zinayo. Kinachokosekana ni subira ya kuitumia sawasawa. Injini iwe ya moto. Batri iwe imejaa, maana krenki ikizunguka kivivu geji itadanganya. Plagi zitolewe zote kwa pamoja, umeme wa koili na wa injekta ukatwe, na pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Stata ipigwe mpaka mshale usipande tena, mara tano au sita, na idadi iwe ile ile kwa kila silinda. Simama pale ukiangalia. Ukiona anatoa plagi moja, anapima, anairudisha, ndipo anahamia ya pili, mwambie aanze upya.

Injini nyingi za petroli zikiwa nzima husoma kati ya bar 10 na 13 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Zenye tabo, hasa za zamani, hukaa upande wa chini kwa sababu zimeundwa kukandamiza hewa kidogo kuliko injini za kawaida, tabo ikiwa imeshafanya sehemu ya kazi hiyo. Mahali palipo juu sana ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi na namba zote hushuka. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda kabla hujashtushwa na namba yenyewe. Tofauti kati ya yenye nguvu kuliko zote na dhaifu kuliko zote ikizidi asilimia 15 hivi, kuna jambo. Ukipata 11, 10.8, 11 na 11.2, mtu asikuambie habari ya kufungua injini kwa ajili ya kompresheni. Ukipata 11, 6, 6 na 11, silinda mbili jirani zimeanguka pamoja, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yake. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kimoja, usikimbilie kusema ringi: cheni ya taimingi (inayopangia valvu wakati wa kufunguka) iliyorefuka au mkanda ulioruka jino hufanya hivyo hivyo, na hiyo ikaguliwe kwanza.

Silinda iliyopungua itiwe kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda sana, ringi zinavujisha, na oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi. Ukimpata fundi mwenye kifaa cha kupimia uvujaji, ni bora zaidi: pistoni huwekwa juu kabisa, hewa ya kompresa huingizwa, kisha husikilizwa inatokea wapi. Kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Uvujaji chini ya asilimia 10 ni injini safi. Karibu na 20 ni uzee wa kawaida. Ukipita 30, zungumzeni.

Kompresheni nzuri haizitetei ringi zote, lakini. Ile ya chini, inayokwangua oili kwenye ukuta wa silinda, inaweza kuganda kwa kaboni injini ikala oili vizuri tu huku geji inasoma bar 11. Kwa hiyo breza ikiwa nzima, ekzosi baada ya tabo ikiwa kavu, asubuhi hakuna moshi, kompresheni safi, na plagi zote zina unyevu, hiyo ndiyo sura ya ringi za oili zilizoganda. Dawa za kusafisha kaboni wakati mwingine husaidia, wakati mwingine hazifanyi lolote. Kwa nusu lita kwa kilomita 1,000, ningekuwa mimi ningeendelea kujaza oili na kuendesha. Ila ujue kwamba oili inayoungua huchafua katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na katalisti ikiziba gari hukosa nguvu na tabo hupata joto lisiloihusu.

Kukosa nguvu na mluzi ni kesi nyingine, nadhani. Huyu ndiye mtuhumiwa niliyemwahidi: mpira wa hewa kati ya tabo na intakula (kipoza hewa ya tabo), au kati ya intakula na injini. Raba ya miaka 15 hupasuka upande wa chini ambako hakuna anayetazama, na ufa hufunguka pale tu tabo inapokandamiza. Hewa iliyokwishapimwa na sensa inatorokea nje, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba hewa imefika, nguvu zinapungua na ekzosi inatoa masizi meusi. Taa ya injini kuzima yenyewe hakufuti ushahidi, kwani namba ya hitilafu hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa muda. Isomwe. P0299 maana yake tabo haitoi mgandamizo uliotarajiwa, na hiyo haimaanishi tabo mbovu. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, jambo linaloelekea kwenye hewa isiyopimwa inayonyonywa kupitia ufa wa mpira au breza. Fundi aijaze njia ya hewa moshi wa kupimia, au apake maji ya sabuni na kuingiza hewa ya mgandamizo mdogo. Avikague pia vibomba vyembamba vinavyoendesha wesitigeti, ule mlango unaodhibiti mgandamizo wa tabo. Kimoja kikichomoka, tabo nzima huonekana mfu.

Tabo yenyewe hukaguliwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ondoa mpira wa kuingizia hewa, shika ncha ya shafti. Ikichezacheza kidogo upande kwa upande usiogope, beringi zake zinaelea kwenye oili na lazima ziwe na nafasi. Ikisogea ndani na nje ukaihisi kwa vidole, imekwisha. Panga zikiwa zimekwaruza nyumba yake au ncha zimelika, imekwisha vilevile. Utando mwembamba wa oili kwenye mpira si kosa, hutoka kwenye breza. Oili iliyotuama kama dimbwi ndani ya intakula ni kosa.

Ikithibitika kwamba ni tabo, usikubali ifungwe mpya kabla ya kujua ya kwanza imeuawa na nini. Bomba linaloipelekea oili libadilishwe, maana ndani huwa limepungua kwa oili iliyoungua, na kwenye baadhi ya magari boliti yake ina kichungi kidogo kinachoziba kimya kimya. Bomba la kurudishia lisafishwe. Fundi asipake gundi ya silikoni kwenye viungo vya oili. Kipande kikikatika kinaziba tundu na tabo mpya inakufa bila hata kufika nyumbani. Intakula imwagwe oili yote. Tabo itiwe oili safi kwa mkono kabla ya kufungwa bomba, na stata ipigwe bila injini kuwaka mpaka oili ifike.

Oili nzito? Hapana. Asubuhi inachelewa kufika kwenye tabo, na wakati huo ndio inapohitajika kuliko wakati wote. Kitabu cha gari kikiruhusu oili za uzito wa 5W-30 na 5W-40, kwa injini ya umri huu chukua 5W-40 ya sinthetiki kamili, ya daraja linalotajwa humo. Usivuke hapo. Ibadilishwe pamoja na filta kila kilomita 5,000 hadi 7,000, au mara moja kwa mwaka gari likitembea kidogo. Ile 15,000 unayoikuta kwenye vitabu haikuandikwa ikifikiriwa tabo yenye umri wa miaka 15. Dawa ya kuzuia moshi huifanya oili iwe nzito, kwa hiyo ni jambo lile lile kwenye chupa ndogo zaidi. Usilazimishe injini kupanda mlima ikiwa na gia kubwa na mizunguko ya chini. Huko kushuka gia ya tatu unakokulalamikia ndiko kunakoilinda. Tumia petroli ya okteni iliyoandikwa kwenye kitabu, maji ya rejeta yawe na dawa yake sahihi, na plagi zibadilishwe mapema kuliko za gari la kawaida. Na kwa kuwa hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kama gari lako lina mkanda, ubadilishe sasa hivi kabla ya yote haya.

Shemeji msalimie, ila tabo isiguswe kwa sababu ya ushauri wake. Injini iliyoundwa kukandamiza kidogo ikinyang'anywa tabo inakuwa nzito kuliko ya kawaida, na kompyuta itaendelea kuidai hewa isiyokuwepo. Utakuwa na gari bovu lisilouzika.

Dakika tano kila ukisimama si lazima. Kama umetembea mjini polepole, zima tu. Kinachodhuru ni kupanda mlima mrefu au kwenda kasi halafu kuzima papo hapo: oili inaacha kutiririka wakati tabo ni ya moto kupindukia, nayo inaungua na kuwa kaboni ndani ya beringi. Endesha kilomita mbili tatu za mwisho kwa upole, na ikiwa hukuweza, subiri dakika moja au mbili. Ukisikia feni au pampu ndogo ikiendelea kunguruma baada ya kuzima, iache, inapoza tabo. Vivyo hivyo asubuhi: washa, ondoka taratibu, usimwage mafuta mpaka oili ipate moto, na oili huchelewa kuliko mshale wa maji.

Kuhusu kuliuza, kompresheni itakujibu. Namba nne zikikaribiana, tengeneza breza na mipira ya hewa, kisha pima ulaji wa oili upya kwa kilomita 1,000 kabla hujafanya jingine lolote. Silinda moja ikiwa chini kwa sababu ya valvu, ni kazi ya silinda hedi, na kwa gari lenye bodi ngumu mimi ningeifanya. Zote zikiwa chini, taimingi ikiwa sahihi, na kijiko cha oili kikizipandisha, liuze kama lilivyo na umweleze mnunuzi ukweli. Niandikie ukipata namba hizo, ukianzia silinda iliyo upande wa mkanda au cheni, na utaje ile karatasi ya nailoni ilivutwa au ilirushwa.